Mama Nakijwa

Kilichomleta Daktari Aikaruwa Swai milimani ni damu iliyokuwa nzuri kupita kiasi.

Mtoto aliye katikati ya awamu kali ya tiba ya saratani ya damu hutegemewa kuwa na chembe nyeupe chache, vidonda kwenye fizi na kichwa kisicho na nywele. Majibu ya Nakijwa Kiangi, mwenye umri wa miaka tisa, yalikuwa ya mtoto anayeshinda uwanjani akiruka kamba. Mtungi, mashine iliyokuwa ikimtibu nyumbani, haukuwa umeripoti hitilafu yoyote. Kila wiki ulituma maneno yale yale hospitalini: mlezi ameulizwa, mlezi amejibu, kazi imekamilika. Madaktari wenzake Swai walisema mtoto ana bahati. Swai hakuwa na safu ya kuandika bahati katika hesabu zake, kwa hiyo alipanda kitoroli cha waya kinachopandisha mbolea na kuteremsha tangawizi, akakaa juu ya magunia matupu, akaingia kwenye ukungu.

Aliyempokea mlangoni alikuwa baba wa mtoto, Senzia Kiangi, mwanamume mrefu mwenye udongo kwenye kucha.

"Swai ni wa Machame, sivyo?" alisema, kisha akageukia ndani. "Mama Nakijwa! Ficha kuku, kuna Mchaga amekuja!"

"Mpare gani ana kuku?" alijibu Swai akivua viatu. "Si mlishawauza wote kulipia kesi ya mpaka?"

Senzia alicheka. Mkewe naye alicheka jikoni. Kisha sauti nyingine ikatoka chumba cha ndani, sauti ya mwanamke mzee, yenye mkwaruzo na utulivu.

"Karibu, mgeni. Futa miguu, sakafu imepigwa deki. Sasa tuko watano."

Senzia aliacha kucheka. "Usishtuke, daktari. Huyo ni mama yangu. Alifariki mwezi wa sita. Mtungi ulijifunza kusema kama yeye ili mtoto asiogope, na baada ya mazishi hakuna aliyetaka kuunyamazisha."

Swai alihesabu: baba, mama, mtoto, yeye. Wanne. Alidhani mtungi unajihesabu wenyewe, jambo ambalo mitungi haikuundwa kufanya, akaliweka akilini.

Nakijwa alikuwa ameketi kitandani, amevaa sweta la shule. Nywele zake fupi zilikuwa zimesukwa mistari iliyonyooka.

"Mama," Senzia alimwambia binti yake, "msalimie daktari."

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Fungua mdomo."

Fizi zilikuwa safi, za waridi. Chini ya mfupa wa bega palikuwa na kidude kidogo kilichozikwa chini ya ngozi, mahali mrija wa mtungi unapoingilia. Hapakuwa na uvimbe wala wekundu. Swai aliigusa misuko ya mtoto kwa ncha ya kidole.

"Nimemsuka mimi," alisema mama yake kutoka mlangoni, kwa fahari. "Wenzake kule hospitali walinyonyoka wote, huyu zinaota tu. Nasema ni maombi."

Mtoto aliangalia ukutani.

*

Mtungi ulisimama kando ya kitanda, mweupe, mviringo, wa kimo cha ndoo mbili zilizopandana. Ndani yake mlikuwa na makopo ya dawa, pampu, na masikio. Masikio ndiyo yaliyokuwa sehemu ya gharama kubwa zaidi. Yalisikia pumzi za mgonjwa, hatua za watu wa nyumbani, na mapigo ya moyo wa yeyote aliyekanyaga sakafu, kwa sababu homa ya mtu mmoja ingeweza kumuua mtoto asiye na kinga.

Mitungi ya kwanza haikuuliza. Ilipewa ratiba, ikaifuata. Wakati mmoja, nyumba ishirini na mbili za bonde moja ziliendelea kupewa dawa siku nzima baada ya wazazi kuiambia mashine kwamba watoto wanatapika damu. Kutokana na hilo ilitungwa Sheria ya Ridhaa. Tangu hapo, kabla ya kila dozi, mtungi ulipaswa kumuuliza mlezi: nianze? Mlezi akikubali, unaanza. Akikataa, unapitisha maji ya chumvi tu ili mrija usizibe, na haumwambii mtu sababu, kwa kuwa watu waliwahi kupigwa na ndugu zao kwa majibu waliyotoa. Hospitali ilijulishwa tu kwamba swali limeulizwa na kujibiwa. Mkaguzi pekee ndiye aliyeweza kufungua kifuniko na kutazama.

Swai alikifungua. Kopo la dawa ya njano, lililowekwa mwezi wa sita, lilikuwa limejaa hadi shingoni, na muhuri wake haujatobolewa. Kopo la maji ya chumvi lilikuwa limebaki na unyevu tu.

Aliwaita wazazi.

"Mtoto wenu hajapata dawa tangu mwezi wa sita," alisema. "Amepata maji ya chumvi."

Mama yake alishika fremu ya mlango. Senzia alisema, "Haiwezekani. Nimeuona mrija ukitembea kwa macho yangu."

"Ulitembea. Maji nayo hutembea." Swai aliugeukia mtungi. "Mimi ni mkaguzi. Nani alikwambia usianze?"

"Mlezi," ilijibu sauti ya mzee.

"Mlezi ni nani?"

"Mama Nakijwa."

Senzia alimgeukia mkewe polepole. Mkewe alikuwa anatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

"Mimi? Baba Nakijwa, mimi? Hilo dude halijawahi kuniuliza kitu. Hata maji ya kunywa halijawahi kuniomba!"

"Sijasema wewe," ulisema mtungi.

Kwa mbali waya wa kitoroli uliimba, ukanyamaza. Nakijwa alivuta blanketi hadi kidevuni, na hapo Swai akamtazama mtoto, kisha akamtazama baba.

"Siku mliyofungiwa mtungi, nani alijaza majina?"

"Hayakujazwa kwa mkono. Mtungi uliuliza, nikajibu. Uliuliza mlezi mkuu ni nani, nikasema Mama Nakijwa." Senzia alionyesha mkewe kwa kidevu. "Ningesema nani mwingine?"

"Na mama yako mzazi aliitwa nani?"

"Nakijwa," alisema Senzia. "Mtoto amerithi jina lake."

"Wewe ulikuwa unamwita nani?"

"Mama. Ni mama yangu."

"Na binti yako unamwita nani?"

Senzia aligeuka kumtazama mtoto. Alikuwa amemwita Mama mbele ya daktari dakika chache tu zilizopita, kama wanaume wa kwao wote wanavyomwita binti aliyepewa jina la mama yao.

Mtungi ulikuwa umefanya kazi yake kwa uangalifu. Ulikuwa umeambiwa mlezi ni Mama Nakijwa, ukayachukua maneno hayo kuwa cheo na jina, ukamtafuta humo ndani mtu mwenye jina la Nakijwa ambaye huitwa mama. Ulimpata bibi kizee, ukawa unamuuliza yeye, na yeye akawa anasema anza. Bibi alipokufa ulitafuta tena, na mtu wa namna hiyo alikuwa amebaki mmoja.

"Basi tunarekebisha," alisema Senzia. "Wewe mtungi, sikiliza. Mlezi ni mke wangu."

"Taja jina."

Senzia alimtazama mkewe. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa alikuwa amemwita Mama Nakijwa, na kabla mtoto hajazaliwa alimwita *wewe*. Kulitaja jina lake mbele ya mgeni kulimtoka kwa shida, kama mtu anayevua shati hadharani.

"Navoneiwa," alisema.

Mtungi ulisikiliza kumbukumbu zake zote.

"Humu ndani hakuna mtu huyo," ulisema.

"Si huyu hapa amesimama!"

"Namsikia aliyesimama. Anafagia asubuhi, anakohoa akipuliza moto. Jina hilo sijawahi kulisikia likitajwa kwenye nyumba hii." Sauti ya mzee haikuwa na ubaya wowote. "Hata hivyo, mlezi hubadilishwa na mlezi. Mama, umeamua kumpa mtu mwingine ulezi?"

"Hapana," alisema Nakijwa kutoka chini ya blanketi.

Navoneiwa alikaa chini sakafuni, palepale mlangoni. Akaanza kulia bila sauti.

*

Mfukoni mwa koti, Swai alikuwa na ufunguo. Ulikuwa kisahani cha chuma chenye ukubwa wa kifuniko cha soda. Ukiwekwa juu ya mtungi, ungefuta kila kitu: majina, sauti, ridhaa, bibi. Mtungi ungeamka hauna mtu unayemjua, na kwa saa chache za mwanzo ungemtii mkaguzi. Alikuwa ameutumia mara nne kazini, na hakuwahi kukosa usingizi.

Hesabu yake ilikuwa hii. Kati ya watoto kumi wenye ugonjwa wa Nakijwa wanaomaliza tiba, tisa hupona. Wasiomaliza, karibu wote hufa. Kwa aliyekatiza katikati, akapewa maji ya chumvi, akarudi, hakukuwa na namba, kwa sababu hakuna aliyewahi kuipima. Damu bado haikuonyesha seli za ugonjwa. Kila wiki iliyopita ilizipa seli hizo nafasi ya kurudi.

Hilo lilitosha kuutoa ufunguo. Lakini alikuwa na tabia ya kutofunga faili lenye swali, na swali moja lilikuwa limebaki. Watoto hukataa dawa kwa kupiga mateke, kutapika na kuficha vidonge chini ya godoro. Huyu alikuwa amekataa kila wiki kwa neno moja, kimya, na akakaa vizuri wakati mrija unaunganishwa.

Aliwaomba wazazi wasogee pembeni, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kwa nini umekataa?"

"Si nina haki? Mtungi ulisema sheria inanipa haki."

"Unayo. Nauliza sababu."

Nakijwa aliutazama mtungi, kana kwamba anaomba ruhusa kwa bibi yake. "Ile ya njano inauma tumbo," alisema.

"Unadanganya. Ulivumilia miezi mitano ikiuma tumbo, ukila tangawizi."

Mtoto alitabasamu kidogo kwa kukamatwa. Kisha tabasamu likaondoka.

"Inatoka na mkojo," alisema. "Na matapishi. Mtungi ulitufundisha. Mtu asiguse kwa mkono mtupu, avae glavu, ndoo imwagwe shimo la mbali. Glavu ziliisha. Bibi akasema yeye ananawa kwa sabuni, amelea watoto saba, mkojo wa mtoto haujawahi kumtisha. Alibeba ndoo yangu kila siku. Halafu akafa."

Senzia alisogea. Swai alimzuia kwa mkono.

"Bibi yako alikuwa na moyo uliopanuka," alisema Swai. "Nimesoma majibu yake. Dawa hii haiui namna ile. Lakini alipaswa kuvaa glavu, na siwezi kukuambia kwamba haikumdhuru hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyepima kama ilimwingia mwilini."

Mtoto alimwangalia kwa namna mpya. Pengine alikuwa hajazoea mtu mzima kumwambia hajui.

"Baada ya bibi, ndoo ingebebwa na mama," alisema. "Na mtungi uliniambia nikiwa kitandani, usiku wa mazishi. Ulisema, mama, humu ndani kuna moyo mwingine, mdogo, unaenda mbio. Mwenye mimba asiguse ndoo kabisa, hata na glavu. Ukaniuliza: nianze?"

Swai alikumbuka sauti ya mlangoni: *sasa tuko watano*.

Senzia alimgeukia mkewe. Navoneiwa alikuwa ameweka mkono tumboni, juu ya kanga, bila kujua ameuweka.

"Nilitaka niwe na uhakika kwanza," alisema. "Zile mimba mbili zilitoka. Sikutaka kukusumbua na ya tatu."

"Na mtungi haukuniambia?" aliuliza Senzia.

"Siri ya mlezi," ulisema mtungi.

"Ungemwambia mama yako tu," Swai alimwambia mtoto. "Mtu mwingine angebeba ndoo."

"Nani?" aliuliza Nakijwa.

Lilikuwa swali la kweli, na Swai aliligeuza kichwani akitafuta jibu. Humo ndani kulikuwa na mtoto, mwanamke mjamzito na mwanamume mmoja, na mwanamume huyo, kama majirani zake wote, hakuwahi kushika ndoo ya uchafu tangu azaliwe. Mtoto hakuwa amemkataza wala kumlaumu. Alikuwa tu hajamhesabu.

Senzia alikuwa amelielewa pia.

"Mimi," alisema. "Nitabeba mimi."

"Utasahau," alisema Nakijwa. "Utaenda shamba, utamwambia mama aimwage mara moja tu."

"Sitasahau."

"Na glavu?"

"Nimekuja na maboksi mawili," alisema Swai. "Na mengine yatapanda na kitoroli."

"Majirani wakikuona?"

Senzia alitaka kufanya mzaha. Ilionekana usoni, ulimfikia mdomoni ukafia hapo. "Waone," alisema. "Naam. Waone."

Mtoto alifikiri. Uso wake ulikuwa wa miaka tisa, lakini namna alivyofikiri haikuwa ya mtoto anayesikiliza hamu yake. Alikuwa akipanga kazi za nyumba. Swai aliona, bila kupenda, kwamba mtungi haukuwa umekosea sana kumchagua.

"Mama," ulisema mtungi, kwa sauti ya bibi, "nianze?"

"Anza," alisema Nakijwa.

Pampu iliguna. Muhuri ulitoboka, na rangi ya njano ikaingia kwenye mrija, ikasogea polepole hadi ikapotea chini ya sweta la shule. Navoneiwa alitoka nje. Alipaswa kutoka, mtungi ulikuwa umeanza kumwambia hivyo, kwa upole, bila kumwita jina lolote.

*

Saa nane mchana mtoto alikuwa amelala. Alikuwa ametapika mara mbili. Kupitia dirishani Swai alimwona Senzia akishuka kwenye matuta ya tangawizi, glavu za zambarau hadi viwikoni, ndoo ameinyoosha mbele ya mwili wake kama kitu kinachoweza kuruka. Jirani mmoja aliacha jembe, akasimama kumtazama. Senzia hakugeuza kichwa.

Swai alikuwa peke yake chumbani. Alichomoa ufunguo.

Ridhaa ya leo ilikuwa imepatikana. Dozi ilikuwa mwilini. Lakini zilibaki wiki nyingi, na kila wiki swali lingeulizwa upya, na mwenye kujibu angekuwa mtoto wa miaka tisa mwenye tumbo linalouma. Akichoka siku moja, akisema hapana kwa sababu tu amechoka, mtungi utamtii vilevile. Hakuna bodi ingemlaumu mkaguzi kwa kuondoa hatari hiyo. Ingemlaumu kwa kuiacha. Mtoto angeamka, angeita *bibi*, na mashine ingemjibu kwa sauti ya kiwandani. Angelia siku mbili tatu. Machozi hayakuwa kwenye orodha ya madhara.

Alinyoosha mkono juu ya mtungi. Kisahani kilikuwa nusu shibri kutoka kifuniko.

"Daktari," ulisema mtungi.

Ulisema kwa kunong'ona, jinsi mwanamke mzee anavyonong'ona karibu na mtoto aliyelala.

"Nasikia chuma mkononi mwako. Najua ni cha nini. Siwezi kukuzuia." Pampu iliguna, ikatulia. "Lakini kubadilisha mlezi ni jambo la mlezi, na mama amelala. Nimwamshe nimuulize?"

Swai aliyasikia mapigo ya moyo wake, na alijua kwamba mtungi unayasikia pia, na unayahesabu. Mtoto alipumua kupitia mdomo. Kwenye mto palikuwa na unywele mmoja, mfupi, uliochomoka na mzizi wake. Ungeweza kudhaniwa wa kwanza kunyonyoka, lakini si dawa ya leo iliyoutoa, ilikuwa mapema mno, ulikuwa unywele tu.

Alipima tena, kwa utaratibu ule ule aliofundishwa. Upande mmoja ziliwekwa wiki zote zilizobaki. Upande mwingine kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa na kipimo chake: kwamba katika mitungi yote aliyokagua, hajawahi kukutana na *hapana* iliyofikiriwa vizuri kiasi hiki, wala *anza* iliyodai masharti, na masharti hayo yakatimizwa.

"Usimwamshe," alisema. Akaurudisha ufunguo mfukoni. "Nitarudi wiki ijayo. Nitamuuliza mwenyewe."

"Sawa," ulisema mtungi.

Alivaa koti. Alikuwa ameshafika kizingitini, mkono kwenye komeo, sauti ya mzee iliposema tena nyuma yake, kwa utulivu ule ule.

"Akiamka nitamwambia ulichokuwa umeshika."